Kiungo Kilichokufa Ganzi

Somo: 1 Wakorintho 12:12–27



Sura hii ya Mtume Paulo twaijua sana. Katika sharika zetu husomwa hasa panapokuwa na ugomvi: kwaya mbili hazisemezani, au wazee wa mtaa wa juu wametengana na wazee wa mtaa wa chini, ndipo mchungaji husimama na kutukumbusha habari za jicho na mkono, kichwa na miguu. Ni vema. Lakini mara nyingi twaisoma kana kwamba Mtume alitafuta mfano tu, na mwili wenyewe haukuwa kitu kwake. Mwezi huu twataka kuisoma polepole zaidi, tukianza na mikono na miguu yenyewe, ile ya nyama na mifupa. Maana wako kati yetu watu ambao mikono na miguu yao imeacha kuwapa habari, nasi twawapita Jumapili hata Jumapili pasipo kuwatambua.

Twanena habari za wale waliotibiwa saratani, ambayo wengi huiita kansa. Zamani mtu akipatwa na ugonjwa huu, jamaa zake walianza kumlilia angali hai. Siku hizi Mungu amefungua njia kwa mikono ya matabibu. Nyumba ya hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ni Taasisi ya Saratani tangu mwaka 1996. Moshi iko KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo sharika zetu zaijua vizuri. Na Mwanza iko Bugando ya ndugu zetu Wakatoliki. Mahali hapo pote wagonjwa hutiwa mshipani dawa ziitwazo kemotherapia. Mama aliyehesabiwa siku zake arudi nyumbani. Nywele zaota tena, mashavu yajaa, nasi kanisani twapiga vigelegele. Na kupiga vigelegele ni haki, kwa kuwa aliyekuwa karibu na kaburi amerudishwa.

Walakini wengi wao hurudi na jeraha lisiloonekana. Mishipa ya fahamu, ile ipelekayo habari toka vidoleni mpaka kichwani, imeumizwa na dawa ile ile iliyowaokoa.

Yafaa tueleze jambo hili lilivyo, maana pasipo maarifa watu husema ni uchawi. Liko ua dogo, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo wengi wetu twalo mbele ya nyumba, wala halihitaji kumwagiwa maji sana. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Huko Jamaika watu walichemsha majani yake wakayanywa kwa ugonjwa wa sukari, na majani hayo yakapelekwa Kanada ili yachunguzwe. Mwaka 1958 wataalamu Robert Noble na Charles Beer walitangaza waliyoyaona. Sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu za wanyama waliopewa dawa ile zilipungua sana. Ndipo ilipopatikana vinblastini, na baada yake ndugu yake vinkristini, ambayo hata leo hupewa watoto wenye saratani ya damu, na wale wenye uvimbe wa taya ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Kampala mwaka ule ule wa 1958. Basi tulipandalo kwa kupamba ua, Mungu alikwisha kuweka ndani yake uzima wa watoto wengi.

Na dawa hii hufanyaje kazi? Kila chembe ya mwili, inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hutandika ndani yake nyuzi nyembamba mno. Nyuzi zikivunjwa, chembe haiwezi kugawanyika, nayo hufa. Saratani ni chembe zigawanyikazo pasipo kiasi, kwa hiyo dawa huzikamata katika kazi yao. Lakini nyuzi za namna hiyo hiyo zimo katika mishipa ya fahamu, na huko zina kazi nyingine: ni kama reli ichukuayo chakula kutoka karibu na uti wa mgongo mpaka ncha za vidole. Mshipa uendao kwenye kidole cha mguu una urefu upatao mita moja. Reli ikiharibika, kituo cha mwisho ndicho kipatacho njaa kwanza. Hii ndiyo sababu ugonjwa huanza vidoleni mwa miguu, ukaingia na vidole vya mikono, ukapanda kidogo kidogo, kama mtu avaaye soksi. Dawa iitwayo paklitakseli, ambayo hupewa akina mama wengi wenye saratani ya titi, yenyewe huzikaza nyuzi zile zisiweze kulegea, na mwisho wake kwa mishipa ni mmoja. Cisplatini na oksaliplatini, zenye madini ya platini, hudhuru mishipa pale ichipukapo karibu na uti wa mgongo. Na cisplatini huweza kudhuru hata masikio. Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi uliokusanya habari za wagonjwa 4,179 waliopewa dawa za namna hizi. Katika mwezi wa kwanza baada ya kumaliza dawa, watu 68 katika kila 100 walikuwa na dalili. Baada ya miezi 6 au zaidi, 30 katika kila 100 walikuwa nazo bado. Si watu wachache, ndugu. Katika usharika mkubwa hakosi mmoja.

Sasa tutazame siku ya mtu huyo ilivyo.

Sisi tukiukalia mguu vibaya juu ya mkeka, hufa ganzi; twacheka, twaupigapiga, na baada ya kitambo kidogo hurudi. Yeye angojea, wala haurudi. Ashuka bondeni kuteka maji, ndala moja yabaki njiani, asijue. Mjukuu ndiye amwambiaye, Bibi, umeacha ndala. Achambua mchele, lakini vidole vyake havijui tena tofauti ya punje na jiwe, na jioni macho peke yake hayatoshi. Aepua sufuria, na usiku aona lengelenge kiganjani asijue lilitoka wapi. Vifungo vya gauni! Mtu mzima aliyevaa mwenyewe miaka hamsini amwita mtoto wa shule amfunge vifungo, na haya humjaa moyoni. Fundi cherehani hawezi kutunga uzi katika sindano. Mwalimu chaki yamponyoka mbele ya watoto, nao wacheka. Mkulima jembe lazunguka mkononi mwake kana kwamba mpini umepakwa mafuta. Mwenye kuendesha gari hajui kama unyayo wake uko juu ya breki au la, naye kwa kweli yampasa kuacha usukani mpaka daktari aseme, hata kama ndio mkate wa nyumba yake.

Tena ajabu ni hii, ya kwamba mguu ule ule usiosikia mwiba mchana, usiku wawaka kama uliotiwa kaangoni. Shuka ikiugusa tu, ni maumivu. Nao waliopewa oksaliplatini, siku chache baada ya kila dripu hawawezi baridi hata kidogo. Wakaao Kilimanjaro, Usambara au Makete wajua maji ya mwezi wa Julai yalivyo alfajiri. Mgonjwa huyo akiyagusa, huona kama ameshika miiba, na akiyanywa koo lake hubana. Kitasa cha chuma cha mlango chatosha kumtoa machozi.

Na kanisani je? Twasimama kuomba, nasi twafumba macho. Mtu asiangushwe na uzito wake hushikwa na mambo matatu: macho yake, nyayo zake zisikiazo ardhi, na kipimo kilichomo ndani ya sikio. Aliyepoteza nyayo hutegemea macho. Basi mchungaji akisema tuombe, naye akafumba macho kwa heshima kama wenzake, mara ayumba, ashika benchi, amgonga jirani yake. Tumesikia maneno yanenwayo nyuma yake watu watokapo nje: Siku hizi mama yule anakunywa.

Neno hili si jipya katika nyumba ya Mungu. Hana alipokuwa akiomba Shilo kwa uchungu, midomo yake ikicheza na sauti yake haisikiki, kuhani Eli alimtazama akamdhania kuwa amelewa (1 Samweli 1). Angalieni, Eli hakuwa mtu mwovu. Alikuwa ameketi mahali pake karibu na mwimo wa mlango, akilinda adabu ya nyumba ya Bwana, kama ilivyompasa. Aliona dalili kwa macho yake, wala dalili hakuisingizia. Lililompotosha ni ile haraka yake ya kuieleza mwenyewe pasipo kuuliza. Hana alipojibu, Eli alisikiliza, akabadili neno lake la kukemea likawa la baraka. Wazee wa kanisa, sisi nasi twaketi karibu na mlango. Twaona mengi kuliko wengine. Tumwonapo mtu akiyumba, kuuliza kwatugharimu nini?

Wengine husema ni ukoma, kwa kuwa wazee wetu waliwaona wakoma wakifa ganzi mikononi. Hapana, ganzi hii yatoka katika dawa, haina mdudu, wala haimwambukizi mtu yeyote anayekula naye sahani moja. Wengine husema amerogwa na wenye kijicho baada ya kupona. Walakini neno liumalo kuliko hayo husemwa nyumbani, na mkwe au wifi, au na mume mwenyewe: Amezoea kuuguzwa, sasa hataki kazi. Uvivu ni dhambi, nasi hatuutetei. Lakini kumwita mvivu mtu ambaye vidole vyake haviwezi kushika ni kumshuhudia jirani uongo, na amri ya nane twaijua tangu tulipofundishwa kipaimara.

Hapa liko jambo lingine tusiloweza kulipita. Siku hizi imekuwa desturi mahali pengi kumsimamisha mtu aliyepona atoe ushuhuda. Ni desturi njema; Zaburi zimejaa shukrani za namna hiyo. Lakini tumeanza kutaka ushuhuda wa namna moja tu. Twataka asikie kila mmoja ya kwamba amepona kabisa, hana tena neno, jana alikuwa kitandani na leo aruka. Mama asimama mbele ya watu, miguu yake inawaka ndani ya viatu, naye asema, Nimepona kabisa, kwa kuwa aogopa ya kwamba akisema vinginevyo ataonekana hana imani, au amemwaibisha Mungu. Kisha aketi. Na tangu siku ile hawezi tena kumwambia mtu yeyote habari za miguu yake, maana amekwisha kujifunga kwa kinywa chake mwenyewe. Je, twadhani Mungu hupewa utukufu kwa maneno yasiyo kweli?

Yakobo alishindana usiku kucha kando ya mto Yaboki, naye alibarikiwa kweli, akapewa jina jipya. Lakini Maandiko hayasemi ya kwamba asubuhi alikimbia. Jua lilipomzukia alikuwa akienda kwa kuchechemea, na paja lake liliguswa na mkono ule ule uliombariki (Mwanzo 32). Baraka na kuchechemea vilitoka mahali pamoja, wala mwandishi hakuona haya kuviandika pamoja. Mtume Paulo naye alikuwa na mwiba katika mwili, akamwomba Bwana mara tatu auondoe, naye akajibiwa ya kwamba neema yatosha (2 Wakorintho 12). Hatukuambiwa mwiba ule ulikuwa nini. Hata Bwana wetu mwenyewe alipofufuka hakuja kwa wanafunzi na mikono isiyo na alama. Aliwaonyesha makovu ya misumari, na kwa hayo wakamjua. Basi mtu akitushuhudia hivi: Mungu ameniponya saratani, namshukuru, na miguu yangu imekufa ganzi, niombeeni, huyo ametoa ushuhuda kamili, naye asikatizwe kwa wimbo kabla hajamaliza.

Twajua ya kwamba wako watakaosoma habari hizi wakaogopa, wakasema, Kama ndivyo, sitakwenda kutibiwa. Tusifanye hivyo. Saratani ikiachwa haimwachii mtu mikono wala miguu wala roho. Wengi wetu twakumbuka dawa ya virusi vya Ukimwi iitwayo stavudini, jinsi ilivyowachoma miguu watu wengi. Waliovumilia nayo walibaki hai, hata zikaja dawa zilizo bora. Nalo Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoona madhara yake lilishauri mwaka 2009 iachwe kidogo kidogo. Dawa yenye madhara si sumu ya adui. Ila yataka mtu aseme ukweli juu ya yale anayoyaona mwilini.

Na hapa wengi wetu wanyamaza. Mwingine aogopa ya kwamba daktari akijua, atamnyima dawa na saratani itarudi. Mwingine aona ni utovu wa shukrani kunung'unikia vidole na hali amepewa uhai. Mwingine hupewa nafasi ya dakika chache tu, na foleni ni ndefu nyuma yake, basi akiulizwa hali hujibu, Nzuri. Ndugu, jibu hilo ni la barabarani, si la chumba cha daktari. Daktari hana kipimo cha damu cha kumwonyesha ganzi. Hutegemea kinywa cha mgonjwa. Aambiwe mapema, katikati ya matibabu, wala isingojewe dripu ya mwisho. Na aambiwe kwa mambo ya kila siku: siwezi kufunga vifungo, ndala zanivuka, usiku nawaka moto. Akijua, aweza kupunguza kiasi, au kuchelewesha dripu, au kubadili dawa, naye ataipima hatari ya saratani pamoja na hatari ya mishipa. Kazi ya kupima ni yake. Kazi ya kusema ni yetu. Nao waliopewa cisplatini wajue ya kwamba ganzi yaweza kuzidi kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kukoma, wasidhani kwamba saratani imerudi, wala wasikae kimya.

Juu ya dawa za kuondoa ganzi yenyewe twasema kwa ufupi, maana hazipo nyingi. Chama cha madaktari wa saratani wa Marekani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, kilitaja moja tu kwa wenye maumivu, iitwayo duloksetini, na hiyo hupunguza maumivu, hairudishi hisia zilizopotea. Wauzao chupa katika vituo vya mabasi na kusema zasafisha mishipa, wapitwe. Hata vitamini zisinunuliwe ovyo. Ile iitwayo B6, ikizidi kiasi, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Kutembea kila siku, na kuzoeza mwili kusimama imara kama wafundishavyo wataalamu wa mazoezi, kumewafaa wengine. Na wakati wafaa kitu: kwa watu wengi hali hupungua mwezi kwa mwezi, ijapokuwa si kwa wote.

Sasa turudi kwa Mtume. Asema ya kwamba Mungu ameuunganisha mwili ili viungo vitunzane, na kwamba maumivu ya kiungo kimoja ni ya vyote. Twadhani tumelielewa neno hilo mpaka tumwonapo mtu aliyekufa ganzi.

Daktari Paul Brand alizaliwa Bara Hindi mwaka 1914, mwana wa wamisionari, akarudi huko mwaka 1946 kufanya kazi katika hospitali ya Vellore. Wakati ule watu wote waliamini ya kwamba nyama ya mkoma huoza yenyewe, na kwa hiyo vidole hukatika. Daktari Brand alichunguza mikono ya wagonjwa, akaona ya kwamba nyama yao ni nzima. Kilichokufa ni mishipa ya fahamu tu. Vidole viliharibika kwa sababu mwenye mkono alishika chungu cha moto asijue, akaukanyaga msumari akaendelea kutembea, akajikata asiache kazi. Maumivu tunayoyachukia, ambayo twaomba kila siku tuondolewe, ndiyo mlinzi ambaye Mungu ameweka mlangoni. Mlinzi akifa, nyumba huibiwa kimya kimya.

Je, wapenzi, usharika hauwezi kufa ganzi? Mkono ulio na ganzi hauumi. Mwenye nao aweza kujisifu ya kwamba hana tatizo lolote. Nao usharika waweza kuwa na hesabu njema, sadaka zimepanda, kwaya yavaa sare mpya, jengo laezekwa, na wote wakasema, Kwetu ni amani. Na mtaani mwake yuko mtu ambaye hajaja ibadani tangu Pasaka kwa kuwa njia ina mawe naye hawezi kuyasikia kwa nyayo zake, wala hakuna aliyeona maumivu. Kiungo kimejeruhiwa na mwili haukusikia. Hiyo si amani. Ni ganzi, na tofauti yake na ganzi ya dada yetu ni hii, ya kwamba yake imetokana na dawa iliyomwokoa, na ya kwetu imetokana na kuzoea. Twaisema neno hili tukijua ya kwamba yatugusa sote tuandikao na tusomao, wachungaji kwanza.

Daktari Martin Luther katika Kathekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza amri ya tano, hakuishia kwa panga na mkuki. Alifundisha ya kwamba anayemcha Mungu humsaidia jirani yake katika shida zote za mwili. Shida za mwili! Basi vifungo vimo, na ndala zimo.

Wainjilisti na wazee wa mitaa, ninyi mwajua nyumba. Yako mambo madogo yaliyo katika uwezo wenu. Mtu wa namna hii asiitwe kwa zamu ya kupika chai ya ibada wala kufagia uwanja wenye miba, lakini asiondolewe katika zamu zote kana kwamba amekufa. Apewe kazi ya sauti na moyo, kusoma somo, kufundisha watoto wimbo, kumtembelea mgonjwa mpya anayeogopa dripu ya kwanza, maana hakuna atakayemfariji mtu huyo kama yeye. Mchungaji aweza kusema wazi kabla ya sala ya ya kwamba asiyeweza kusimama aombe ameketi, na asiyeweza kufumba macho aombe macho yakiwa wazi. Mungu hapungukiwi heshima. Mahali palipo na ngazi mlangoni pawekwe ubao au fito ya kushika, nasi tumeona fundi wa mtaa akiimaliza kazi hiyo kwa alasiri moja. Na kwenye Meza ya Bwana, vile vikombe vidogo vya kioo ni shida kubwa kwa vidole visivyosikia. Wako waliokaa nyuma miezi mingi, si kwa sababu wana neno na ndugu zao, bali waliogopa kukiangusha kikombe cha Bwana mbele ya watu wote. Mhudumu akiambiwa kwa siri, akishike yeye mwenyewe mpaka midomoni, kama afanyavyo kwa mgonjwa kitandani.

Mwendapo kuwatembelea, msiishie kuomba na kuaga. Mtu asiyesikia nyayo zake yampasa kuzitazama kila jioni, kama kuna kidonda, mwiba au lengelenge. Lakini mzee aishiye peke yake hawezi kuona chini ya mguu wake mwenyewe, tena taa ni hafifu. Bwana wetu usiku ule wa mwisho alijifunga kitambaa, akatwaa beseni, akaosha miguu ya wanafunzi wake (Yohana 13), na mwenye kuosha mguu wa mtu huuona ulivyo. Ombeni beseni katika nyumba ile. Oshe miguu yule aliye kijana kati yenu, aitazame nyayo na katikati ya vidole, aikaushe vizuri. Akikuta kidonda, kipelekwe zahanati kesho yake, kisingojee Jumapili. Na maji yawe ya uvuguvugu tu. Msimwulize mgonjwa kama yana moto mno, maana mguu wake hautamwambia; ayapime kwanza mwenye kuosha, kwa kiwiko cha mkono wake mwenyewe.